"Tulia!" Lakini Nani Atatufunza Kutulia? Mwanamichezo na Mawimbi ya Ubongo Wake

Mwaka huu mhariri alinitaka niandike somo wala si hadithi. Nami nimekubali. Hata hivyo kila somo lina chanzo chake, na chanzo cha hili ni mkwaju mmoja wa penalti ambao baadhi yenu mliushuhudia kwa macho yenu, na ambao hadi leo mnanitania kwao kila mnikutapo kwenye foleni ya chakula.

Ilikuwa fainali ya kanda. Muda ulikwisha tukiwa sare ya bao moja kwa moja, ikabidi mikwaju ya penalti iamue mbivu na mbichi. Mimi nilikuwa wa tano. Kutoka katikati ya uwanja hadi pale mpira ulipowekwa nilipaona mbali kama safari ya sokoni. Miguu ilikuwa mizito kama nanga, koo limekauka kau, na moyo ukinidunda hadi nikausikia masikioni. Nyuma yangu wenzangu walipaza sauti, "Tulia! Tulia!" Mwalimu wa michezo naye, "Tulia!" Mashabiki kando ya uwanja, "Tulia wewe!" Kipenga kilipolia sikungoja hata kuvuta pumzi. Nilitimua mbio nikaupiga. Lo! Gozi lilipaa juu ya mwamba wa goli likaenda kutua katika shamba la mahindi la jirani. Tulirudi shuleni mikono mitupu, na katika basi hakuna aliyeimba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Kila jioni twafunzwa kukimbia, kutoa pasi, kuupiga mpira kwa kichwa na hata kujirusha kama kipa. Je, ni jioni gani tuliyowahi kufunzwa kutulia? Hakuna. Tunaamrishwa tu, tena wakati ambapo tumeshachelewa. Kumwambia "tulia" mtu aliyeshikwa na kiwewe ni sawa na kumwambia "ogelea" mtu anayezama. Neno ni zuri, ila halimfai kitu asiyewahi kujifunza.

Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba utulivu ni ujuzi kama ujuzi mwingine, na kwamba wako wanamichezo wanaoufanyia mazoezi kwa kutumia mashine inayosoma umeme wa ubongo. Kisha tutaipima mashine yenyewe tuone ukweli wake, na mwisho tutatazama siye tusio nayo tufanye nini.

1. UMEME ULIO KICHWANI MWAKO

Usishtuke, mpenzi msomaji. Kichwa chako kina umeme. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mno. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Sasa chukua volti moja, uigawe vipande milioni moja, kisha uchague vipande kumi hadi mia hivi. Huo ndio umeme unaoweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa.

Aliyeupima kwa mara ya kwanza katika kichwa cha binadamu ni daktari Mjerumani aitwaye Hans Berger, katika mji wa Jena mwaka 1924. Alisubiri hadi mwaka 1929 ndipo akayachapisha matokeo yake. Aligundua kwamba umeme huo hupanda na kushuka kama mawimbi ya bahari, na mawimbi yenyewe hubadilika kulingana na hali ya mtu. Wataalamu wameyapa majina kutoka alfabeti ya Kigiriki:

(a) Delta: ya polepole kabisa, chini ya mara 4 kwa sekunde. Hutawala katika usingizi mzito.
(b) Theta: mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Huonekana mtu anaposinzia.
(c) Alfa: mara 8 hadi 12 hivi. Huonekana mtu akiwa macho lakini ametulia, hasa akifumba macho.
(d) Beta: mara 13 hadi 30 hivi. Huonekana mtu anapofikiri kwa bidii au anapokuwa na wasiwasi.

Msidhani kwamba wimbi moja ni zuri na jingine ni baya. Mwenye theta tele darasani atapigwa na chaki, lakini usiku anaihitaji. Jambo la maana ni kuwa na hali inayofaa kwa wakati unaofaa.

2. KIOO CHA UBONGO

Ukitaka kujua kama uso wako una masizi, utajitazama kwenye kioo. Kioo hakikuoshi, kazi yake ni kukuonyesha tu ili ujioshe mwenyewe. Mashine ninayoizungumzia ni kioo cha namna hiyo, ila chenyewe huonyesha ubongo.

Wataalamu huiita kazi hiyo nyurofidibaki. Nilipolitamka neno hili katika kikao cha chama chetu, mwenyekiti alicheka hadi akatoa machozi, akasema linafanana na jina la dawa ya kupe. Baada ya mabishano makali tukakubaliana tuliite mrejesho wa ubongo, kwa kuwa ubongo hurejeshewa habari zake wenyewe. Hilo ndilo nitakalolitumia.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwanamichezo huketi kitini. Vidude vidogo vya madini viitwavyo elektrodi hubandikwa kichwani pake kwa mafuta mazito yanayopitisha umeme. Nyaya huupeleka umeme huo kwenye mashine ya kuukuza, kisha kwenye kompyuta. Mbele yake kuna kioo cha kompyuta chenye picha, tuseme ndege inayoruka. Mawimbi yake yakiwa ya aina inayotakiwa, ndege hupaa na mlio mzuri husikika. Akianza kuwaza, "Je, nikikosa watanichekaje?" mawimbi hubadilika na ndege hushuka.

Mwanzoni mtu hajui afanye nini. Akijilazimisha sana, ndege huanguka. Akilegea mno akasinzia, huanguka pia. Polepole huanza kuijua ile hali ya katikati: macho makavu, mwili umetulia, akili iko hapa wala haiko kesho. Hurudia vipindi vingi, pengine 20 au zaidi. Shabaha ni kwamba siku moja ataweza kuiita hali ile uwanjani bila waya hata mmoja.

Hapa ndipo nilipopata fundisho la kwanza. Mashine haimtii mtu utulivu kichwani. Utulivu anautengeneza mwenyewe, na kazi ya mashine ni kumwambia, "Naam, hapo hapo!"

3. KUTOKA PAKA HADI DHAHABU

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwaketisha watu, akawa anawauliza kila baada ya muda kama mawimbi yao ni ya alfa au siyo, kisha akawaambia kama wamepata au wamekosa. Walianza kwa kubahatisha. Baada ya mazoezi baadhi yao wakawa wanapatia mara nyingi. Kumbe mtu anaweza kujifunza kuijua hali ya ubongo wake!

Katika miaka ya 1960, huko Los Angeles, mtafiti Barry Sterman alifanya kazi na paka. Mnamjua paka aviziapo panya: hatikisi hata mkia, lakini hajalala. Sterman aliona kwamba paka akiwa kimya hivyo huku yu macho, hutokea mawimbi ya takriban mara 12 hadi 15 kwa sekunde. Akawapa chakula kila walipoyatoa, nao wakajifunza kuyatoa kwa wingi. Baadaye alipopima madhara ya sumu ya mafuta ya roketi, iletayo degedege, paka waliokuwa wamepata mafunzo yale walihimili kwa muda mrefu kuliko wenzao. Paka hawajui kujipendekeza kwa mtafiti, kwa hiyo jambo hilo liliwafikirisha wengi.

Mwaka 1991 ikawa zamu ya michezo. Daniel Landers na wenzake nchini Marekani waliwachukua walenga mishale 24 wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa mrejesho ulioaminika kuwa sahihi, wa upande wa kushoto wa ubongo. La pili likapewa wa upande usiofaa, na la tatu halikupewa chochote. Kundi la kwanza liliboresha ulengaji wake, na lile la pili likaharibikiwa. Tafadhali likumbukeni hilo la pili, kwani dawa iwezayo kuponya huweza kudhuru ikitumiwa vibaya.

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya niandike makala haya. Anaitwa Abhinav Bindra, mlenga shabaha wa India. Mchezo wake ni bunduki ya hewa ya mita 10, na kitovu cha shabaha ni kitone chenye upana wa nusu milimita. Mapigo ya moyo tu yanatosha kuitikisa bunduki. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004 aliingia fainali akiwa wa tatu, akatoka wa saba.

Angeweza kuitupa bunduki, kama mimi nilivyoapa kwamba sitapiga penalti tena. Badala yake alirudi mazoezini. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Timothy Harkness, mwanasaikolojia wa michezo kutoka Afrika Kusini, aliyemfunza kwa mrejesho wa ubongo na wa mwili: kupumua, mapigo ya moyo, kukaza na kulegeza misuli.

Tarehe 11 Agosti 2008 mjini Beijing, Bindra aliingia fainali akiwa wa nne. Ilipobaki risasi moja tu, alikuwa sare kabisa na Henri Häkkinen wa Ufini, kila mmoja akiwa na alama 689.7. Hebu jiweke hapo, msomaji. Nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, na hakuna Mhindi hata mmoja aliyewahi kupata dhahabu ya Olimpiki peke yake, bila timu. Alama za juu kabisa kwa risasi moja ni 10.9. Häkkinen alipata 9.7. Bindra alipata 10.8. Jumla 700.5, na dhahabu ikawa yake.

Niliposoma habari hizo nilikaa kimya kitambo. Risasi yake ya mwisho na mkwaju wangu wa tano ni ndugu. Tofauti ni kwamba yeye aliijia risasi ile baada ya miaka minne ya kujifunza kutulia, na mimi niliujia mkwaju wangu nikiwa na neno "tulia" peke yake.

4. TUSIMEZE BILA KUTAFUNA

Hata hivyo, wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Bindra alifyatua maelfu kwa maelfu ya risasi za mazoezi. Nani awezaye kusema ni kiasi gani cha dhahabu ile kilitokana na mashine na kiasi gani kilitokana na jasho? Mimi siwezi.

Mfano mwingine unaotajwa sana ni wa klabu ya AC Milan ya Italia, iliyofungua kituo chake cha sayansi mwaka 2002. Klabu hiyo ilikuwa na chumba maalumu ambamo wachezaji waliketi na kupimwa mawimbi ya ubongo. Andrea Pirlo alikuwa mchezaji wa Milan wakati huo. Mwaka 2006 mjini Berlin, Italia ilitwaa Kombe la Dunia kwa kuishinda Ufaransa penalti 5 kwa 3, na Pirlo ndiye aliyeanza na akafunga. Watu wakakisifu chumba kile. Lakini mwaka mmoja tu kabla, mjini Istanbul, Milan iliongoza Liverpool mabao 3 kwa 0 ikakubali sare ya 3 kwa 3, kisha ikashindwa kwa penalti. Mkwaju wa Pirlo uliokolewa na kipa. Mtu ni yule yule na klabu ni ile ile. Anayetaja Berlin sharti ataje na Istanbul.

Wataalamu nao hawajakubaliana. Mwaka 2017 Robert Thibault na Amir Raz wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliandika kwamba sehemu kubwa ya manufaa ya mrejesho wa ubongo huenda inatokana na imani ya mtu, uangalizi anaoupata, na ule utaratibu wa kuketi kimya saa nyingi. Njia ya kujaribu jambo hilo ni kumbandika mtu elektrodi lakini umwonyeshe mawimbi ya mtu mwingine bila yeye kujua. Akipata nafuu sawa na mwenzake aliyeonyeshwa mawimbi yake mwenyewe, basi hatuwezi kuyasifu mawimbi. Tena mashine ina udhaifu wake: kupepesa macho au kuuma meno hutoa umeme mkubwa kuliko ule wa ubongo, ukavuruga vipimo. Ndiyo maana imetumika zaidi kwa walenga shabaha, walenga mishale na wachezaji wa gofu wanaosimama tuli, kuliko wakimbiaji.

Kwa hiyo akija mtu na mkoba na kofia yenye nyaya akidai kwamba kwa malipo kidogo atawafanya mabingwa kufikia Ijumaa, mwambieni apite njia.

5. NA SISI TUSIO NA MASHINE?

Shule yetu haina mashine hiyo, na sidhani kama itanunuliwa kabla ya paa la maktaba kuzibwa. Lakini nilipoelewa kwamba siri yake ni kioo, nikamuuliza mwalimu wetu wa biolojia kama mwili una kioo kingine cha bei nafuu. Akacheka, akanishika mkono, akaweka vidole vyangu viwili kwenye kifundo changu, chini ya kidole gumba. "Hicho hapo," akasema.

Hebu ujaribu sasa hivi, msomaji. Tafuta mapigo ya moyo kifundoni. Vuta pumzi polepole kwa sekunde nne, kisha itoe polepole kwa sekunde sita. Sikiliza kwa vidole. Wengi wetu vijana tutaona kwamba tunapovuta pumzi mapigo huharakisha kidogo, na tunapoitoa hupungua kasi. Kuna mshipa mrefu wa fahamu utokao kwenye ubongo hadi moyoni ambao huupunguzia moyo mwendo, na nguvu yake huongezeka tunapotoa pumzi. Basi hiyo ndiyo ngazi ya kuufikia moyo. Huwezi kuuamrisha moyo moja kwa moja, lakini pumzi unaweza kuiamrisha, na moyo utaifuata.

Kwa muhula mzima uliopita, wachezaji watano tulifanya hivi:

(i) Kila asubuhi kabla ya darasa, dakika tano za kupumua hivyo, vidole vikiwa kifundoni. Pumzi sita kwa dakika, bila kujikamua.
(ii) Akili ikitoroka kwenda kwenye mtihani au chakula, tunairudisha kwenye pumzi bila kujilaumu. Kule kuirudisha ndiko mazoezi yenyewe.
(iii) Kila mmoja alijipangia utaratibu wake kabla ya mkwaju na kuufuata vile vile kila mara. Wangu ni huu: naweka mpira, narudi hatua nne, natazama pembe niliyoichagua, natoa pumzi ndefu moja, ndipo naenda.
(iv) Mwishoni tuliwaomba wenzetu waje watuzomee tukipiga. Jamani, kazi hiyo waliipenda mno! Utulivu wa chumbani haujatimia mpaka ujaribiwe kwenye kelele.

Je, tumekuwa hodari? Mikwaju tuliyofunga mbele ya kelele iliongezeka, na daftari letu linaonyesha hivyo. Lakini kwa kuwa nimewaonya msimeze bila kutafuna, nami nitajitafuna. Sisi ni watano tu. Hatukuwa na kundi jingine lililopiga mikwaju ile ile bila kupumua, kwa hiyo sina njia ya kujua kama ni pumzi iliyotusaidia au ni kule kupiga penalti nyingi kila jioni. Muhula ujao tunataka kujigawa makundi mawili. Anayetaka kuwa katika kundi la wasiopumua aje aniandikishe jina, nami naahidi kwamba hewa ya kawaida hatanyimwa.

Jambo moja ninalolijua kwa hakika ni hili. Zamani nilidhani waliotulia wamezaliwa hivyo, na mimi nimezaliwa na kiwewe kama mtu azaliwavyo na masikio makubwa. Sasa sidhani hivyo tena. Mashine ile ya ng'ambo, kwa uzuri wake na udhaifu wake, imenifunza kwamba hali ya akili yaweza kutazamwa, kutambuliwa na kufanyiwa mazoezi.

Wiki iliyopita mwalimu wa michezo alibandika orodha ya wapigaji penalti wa mwaka huu. Jina langu ni la tano. Nilisimama mbele ya karatasi ile, moyo ukaanza mambo yake ya zamani. Nikaweka vidole kifundoni, nikatoa pumzi. Sijui kama nitafunga, maana kipa naye ana mama anayemwombea. Lakini nitakapouendea mpira ule nitakuwa na kitu cha kufanya. Nanyi mtakaokuwa kando ya uwanja, nawaomba mnisaidie: msiniambie "tulia". Nyamazeni kidogo tu, sekunde sita zinatosha.

MASWALI YA KUJIPIMA NA KUJADILI

1. Taja aina nne za mawimbi ya ubongo na ueleze kila moja huonekana mtu akiwa katika hali gani.
2. Mwandishi analinganisha mashine na kioo. Je, mlinganisho huo unafaa? Toa sababu.
3. Kwa nini ilikuwa muhimu kwa Landers kuwa na kundi la tatu lisilopewa mrejesho wowote?
4. Eleza kwa nini si haki kutaja Berlin 2006 bila kutaja Istanbul 2005.
5. Pima mapigo ya moyo wako kwa dakika moja kabla na baada ya dakika tano za kupumua polepole. Andika ulichokiona, hata kama hakikubaliani na makala haya.
6. Mjadala wa chama: "Mwanamichezo hodari huzaliwa, hafunzwi."